Naombeni Dakika Ishirini Tu

Mimi sidai makubwa. Sidai gari, sidai shamba Kigamboni, wala siombi mtu anisalimie kwa cheo. Naomba dakika 20 za kukaa kwenye kochi nililolinunua mwenyewe, nisikilize upande mmoja wa santuri tangu sindano inapotua mpaka inapofika kwenye karatasi ya katikati. Dakika 20! Mechi ya mpira inapewa 90 na za nyongeza juu, nyumba nzima kimya. Tamthilia ya Kituruki inapewa saa nzima, na anayelia anabembelezwa. Ila baba wa nyumba akiweka Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, hapo ndipo kila mtu anakumbuka kwamba alikuwa na shida naye.

Chanzo ni Wamarekani. Zamani sahani zilizunguka mara 78 kwa dakika, unapata wimbo wa dakika tatu hivi, umekwisha, unainuka unaendelea na maisha. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikatoa santuri ndefu, inazunguka mara 33 na theluthi, upande mmoja unabeba dakika 20 na ushee. Wakapigiwa makofi. Lakini mtu wa Sinza aliulizwa? Mtu wa Sinza hana dakika 20 zinazofuatana. Dakika ya tatu, hodi, kijana wa mchango wa ulinzi shirikishi. Dakika ya saba, gesi imeisha na maharage hayajaiva. Dakika ya 11 anapita muuza samaki, na lazima niitwe mimi nikachague, eti mimi ndiye ninayejua kusoma jicho la samaki. Dakika ya 14, saksafoni ndiyo kwanza inaingia kwenye jambo lenyewe, uani kunapigwa yowe: "Maji yametokaaa!" Hapo hata John Coltrane, mpiga saksafoni mwenyewe, angekuwepo sebuleni angepewa ndoo.

Na hapo nasema umeme upo. Umeme ukikatika, mwenye simu hana habari, betri anayo. Gramafoni yangu haizimiki kistaarabu. Sahani inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, inapunguza mwendo kidogo kidogo, saksafoni inashuka, inashuka, mpaka inatoa sauti ya ng'ombe wa Pugu mnadani anayekataa kupanda lori. Watoto wanaipenda sana sehemu hiyo. Kuna mmoja siku hizi anachomoa waya makusudi. Ile albamu ya A Love Supreme, Coltrane na wenzake watatu waliirekodi siku moja tu ya Desemba 1964. Wao siku moja imewatosha kuitengeneza, mimi tangu mfungo uliopita sijaimaliza kuisikiliza.

Halafu kuna hili la albamu ya Kind of Blue, ambalo sijui nikalishtaki wapi. Miles aliirekodi New York, Machi na Aprili 1959. Siku ile ya Machi mashine moja ya kurekodia ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza, ukizipiga kwenye mashine nzima, zinatoka zimekimbia kidogo na sauti imepanda. Hakuna aliyesema kitu. Zaidi ya miaka 30 dunia inasikiliza, wapiga tarumbeta wanajaribu kuufuata muziki ule majumbani mwao, wanadhani ala zao ndizo mbovu. Miaka ya tisini ndipo ikarekebishwa, kwa utepe wa mashine ya pili iliyokuwa inakwenda sawasawa. Sasa mpenzi wa muziki mwenye akili timamu anafanyaje? Ananunua tena.

"Hii si ile ile?" mama watoto aliuliza, ameshika zote mbili.

"Ni ile ile, ila ile ya kwanza inakimbia."

"Inakimbia kwenda wapi?"

"Kidogo tu. Sikio la kawaida halitambui."

"Na lako si la kawaida, baba watoto. Mbona nikikuita kutoka jikoni halisikii?"

Na wakati huo alikuwa bado hajajua kwamba ncha ya sindano ya gramafoni ni almasi. Hilo alikuja kuropoka shemeji, mtu nimempa chai na vitumbua, akaona njia ya kushukuru ni kumweleza dada yake. Sasa kila nikifungua ule mfuniko, mama watoto anakitazama kidole chake, kisha ananitazama mimi.

Wenzetu walikuwa na wazazi, jamani. Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi santuri nyingi za Blue Note, kampuni ya muziki wa jazi, kazi yake ya mchana ilikuwa kupima watu macho. Kurekodi alikuwa anarekodia wapi? Sebuleni kwa baba na mama yake, mji wa Hackensack, New Jersey. Miaka ya hamsini magwiji wa jazi walipita sebule ile: Thelonious Monk mpiga kinanda alipita, Sonny Rollins alipita, Miles mwenyewe alipita. Vuta picha mama wa watu anatoka jikoni na kitambaa begani, anamkuta Art Blakey anatandika drams hapo hapo wanapokaa wageni, na hasemi neno! Mimi niliomba pembe moja tu, kati ya friji na kabati la vyombo. Nikaambiwa pale ni pa ndoo ya mchele.

Unaweza kusema basi nikae na wapenzi wenzangu wa muziki, watanielewa. Hao ndio wabaya zaidi. Santuri za Blue Note za zamani, mpaka kama katikati ya miaka ya sitini, zilichapwa na kiwanda kinaitwa Plastylite, nacho kilikuwa kinachora herufi P ya mwandiko wa mkono pale karibu na karatasi ya katikati. Wakusanyaji wanaiita sikio. Yenye sikio ni mali. Isiyo na sikio, hata muziki uwe ule ule, wanakuonea huruma. Basi wanakuja kwangu Jumapili, wanaosha mikono, wanaishika sahani kwa kingo, wanaipeleka dirishani, wanawasha tochi ya simu.

"Sikio lipo?"

"Lipo."

"Hongera."

Wanairudisha kwenye mfuko! Hakuna anayesema tuiweke tusikie imesema nini. Masikio yao wameyahamishia kwenye plastiki. Hawa ndio watakaokusimulia ile albamu nyeupe ya Beatles ya 1968, makava yake yalipigwa namba za mfululizo, na kopi namba 0000001 alikuwa nayo mpiga drams wao, Ringo Starr, ikapigwa mnada mwaka 2015 kwa dola 790,000. Wanalisimulia hilo kwa sauti ya msikitini. Mimi yangu, juu ya huo weupe, mtu wa nyumbani ameandika kwa kalamu ya bluu: mchele kilo tano, vitunguu, sabuni ya kipande, muulize Baba kodi.

Nyumba hii na makava haviivi chungu kimoja. Ile ya bendi ya Velvet Underground ya 1967, kava lake msanii wa picha Andy Warhol aliliwekea ndizi, na ndizi yenyewe ni stika, unaimenya, chini yake kuna ndizi nyingine ya rangi ya waridi. Ambayo haijamenywa ndiyo yenye bei. Mimi yangu ilikaa miaka na miaka haijaguswa na mkono wa binadamu, imevuka bahari, imevuka ushuru. Akaja binamu na mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu umwoneshe ndizi halafu umwambie asimenye? Alimenya vizuri, kwa utulivu, akaja kunionesha, akauliza mbona hailiki. Binamu akacheka. "Kaka, si ni karatasi tu hiyo?"

Na ile ya bendi ya Rolling Stones, Sticky Fingers, ya 1971. Wazo la Warhol tena. Sijui mtu huyu nilimkosea nini. Kava ni picha ya suruali ya jinsi ya mwanamume, kuanzia kiunoni mpaka mapajani, imebana kweli kweli, na imewekewa zipu ya chuma inayofunguka. Zipu hiyo iliwasumbua hata wao. Makava yakipangana kwenye maboksi, zipu ya hili inaikandamiza sahani ya lile, santuri zinafika dukani zimeharibika. Dawa waliyopata ni kuishusha zipu mpaka katikati, ili ikandamize pale penye karatasi, pasipo na muziki. Akili hiyo.

Lakini hakuna aliyefikiria habari za wakwe. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga, nikamkaribisha kochini, nikaenda dukani kufuata soda. Narudi, bibi wa watu ameshika lile kava kwa mikono miwili, miwani imeshuka puani.

"Mwanangu, hii nini?"

"Muziki huo, mama."

"Muziki umo humu?"

"Umo ndani, mama."

Akashika zipu, akavuta. Waliotengeneza kava lile hawakuishia kwenye suruali. Ukifungua zipu, ndani unakutana na mwanamume wa pili, na huyo amevaa chupi nyeupe tu. Mama mkwe alifunga zipu taratibu, akaliweka kava kifudifudi mezani, akashika soda yake, akaniuliza kama mvua za huku zimeshaanza. Mpaka anaondoka tulikuwa tunazungumzia mvua.

Kununua nako ni vita. Boksi la santuri za zamani ukiliona popote, Kariakoo au kwenye nyumba ya marehemu fulani, ujue Jim Reeves yumo. Kitu kingine chochote ni bahati yako, lakini Jim Reeves yumo, na kopi zaidi ya moja. Unapekua, vumbi mpaka kooni, unafika chini kabisa unakuta Queen. Hapo usikohoe, usikunje hata uso. Mimi nilikunja.

"Hiyo ni laki na nusu," muuzaji akasema, wakati zote zilizobaki ni elfu tano tano.

"Kwa nini?"

"Mzee, huyu mwimbaji wao, Freddie Mercury, ni Mzanzibari, mtu wa kwetu kabisa. Kazaliwa Unguja, 1946."

"Najua. Jina lake Farrokh Bulsara. Kama ni wa kwetu, mbona bei ya watalii?"

"Si aliondoka? Familia yao iliondoka 1964. Sasa kumrudisha ni gharama."

Nikalipa. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo?

Wageni wangu wa kawaida wala hawataki Queen. Wanasema, "Tuwekee jazi." Nawawekea Monk. Wanasikiliza kwa adabu, mmoja anauliza kwa upole kama huyo mpiga kinanda ndiyo anajifunza. Kumbe wao wanamtaka Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au Jamhuri Jazz ya Tanga, au Western Jazz. Na hapa lazima niseme kweli, hizo sahani ndogo za bendi zetu ndizo pekee zinazojua maisha yetu yalivyo. Zilikuwa zinatolewa Nairobi, na wimbo mrefu wanaukata vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Unasikiliza dakika tatu, unakwenda kumjibu muuza samaki, unarudi, unageuza. Mwenye akili ile angepewa hata wizara.

Tatizo ni kwamba Mbaraka anaazimwa. Coltrane sijawahi kuombwa na mtu. Jirani yangu wa ukuta wa pili, fundi cherehani, mtu mzuri ila vitu vyake havina tabia ya kurudi, alikuja Ijumaa jioni.

"Jirani, niazime ile ya Mbaraka na hiyo mashine yake. Kesho tuna ngoma ya mtoto."

Gramafoni? Nje? Chini ya turubai, na watu wanatimua vumbi?

"Aisee jirani, ningekupa leo hii," nikasema, "lakini sindano imekatika."

"Sindano tu?"

"Sindano tu. Na hapa mjini haipatikani."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nikajipongeza, nikafunga mlango kwa komeo, simu nikaizima, nikaweka upande wa kwanza wa Sticky Fingers kwa sauti ya chini. Gitaa linaingia tu, hodi. Nikakimbia kuinyanyua sindano. Ni yeye, ana pakiti mkononi, anahema.

"Sindano unahangaika nini, jirani, na mimi nipo? Hizi namba 14, hizi 16."

Kabla sijajibu kashaliona kava mezani. Akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga, akaupapasa ule mshono kwa kidole cha gumba, akapandisha zipu, akaishusha, ikagoma katikati.

"Hii jinsi nzito, namba 14 itakatika tena, chukua 16. Lakini zipu imeshaliwa kutu na hii hewa ya chumvi. Niachie nayo usiku huu nikubadilishie ya plastiki. Elfu mbili tu, na sindano nakupa bure."