Wanauza Kovu, Hawauzi Tiba

Kundi letu la WhatsApp la familia linachangisha fedha za binamu yangu, dereva wa matatu ya Mtwapa, ambaye diski ya kiunoni, ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, imechomoza na kubana mshipa wa fahamu, hata mguu wa kushoto unamuwaka moto kutoka takoni hadi kidole gumba. Kuchanga si tatizo. Kilichoniudhi ni tangazo lililorushwa humo, lenye picha mbili za migongo, mmoja una kovu refu na mwingine una plasta ndogo, pamoja na ahadi ya "upasuaji wa kisasa bila kisu". Papo hapo mjadala wote ukahamia kwenye kovu. Mjomba akaamua kwamba njia ya kamera, hiyo ya plasta ndogo, ndiyo salama, ingawa bei yake inakaribia maradufu, na hakuna aliyeuliza iwapo kijana bado anaweza kutembea kwa visigino, kipimo rahisi cha nguvu za mguu.

Mjomba, kwa heshima zako zote, lile kovu refu ni la enzi nyingine. Tangu madaktari Mixter na Barr wa Boston walipochapisha makala yao kuhusu diski iliyochomoza mwaka 1934, shabaha ya upasuaji huu ni ileile, yaani kuondoa kipande kinachougandamiza mshipa, na kilichobadilika ni njia ya kukifikia. Katika miaka ya 1970 madaktari wa upasuaji Yaşargil na Caspar walileta hadubini, chale ikapungua hadi sentimita chache. Baadaye likaja bomba linalopenya katikati ya nyuzi za misuli, na sasa ipo kamera inayopita kwenye tundu lisilofika sentimita moja, pengine kutokea ubavuni, mgonjwa akiwa macho kwa ganzi ya mahali. Mshindani halisi wa kamera, basi, ni hadubini, wala si lile kovu la kutishia watu, na tangazo linalonyamaza kuhusu hadubini linajua kwa nini limenyamaza.

Uholanzi walizipima njia hizi kwa wagonjwa badala ya picha. Mwaka 2009 utafiti wa watu zaidi ya 300 ulilinganisha bomba na hadubini, na bomba, pamoja na sifa zake zote, halikushinda. Maumivu ya mguu na ya mgongo yalipungua zaidi kidogo kwa waliopasuliwa kwa njia ya kawaida, yaani ya hadubini. Mwaka 2022 ikaja zamu ya kamera dhidi ya hadubini, kwa wagonjwa zaidi ya 600, na hapo nakiri shingo upande kwamba baada ya mwaka mmoja kamera haikuwa duni, tena ilitangulia kidogo. Hata hivyo, kamera ina ugumu wake wa kujifunza, na kumchagua daktari kwa udogo wa tundu ni sawa na kumsifu seremala kwa udogo wa patasi yake. Swali la kumuuliza ni amefanya ngapi kwa njia hiyo, na wangapi walirudi, kwa kuwa diski inaweza kuchomoza tena hata baada ya chale iliyo fupi kuliko zote.

Wanaopendekeza skurubu na vyuma vya kuunganisha pingili kwa diski iliyochomoza mara ya kwanza, ilhali pingili zenyewe hazijalegea, sitawajibu leo.

Tena huenda binamu asihitaji kupasuliwa kabisa. Katika utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2007, waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka ulipotimia takriban asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona, na wengi wa waliosubiri hawakuguswa na kisu.

Hali moja tu haingoji mchango wala mjadala: mkojo ukikwama, au ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, apelekwe hospitali usiku huohuo, na apasuliwe kwa njia yoyote anayoimudu daktari aliye zamu.