Raba Mpya za Mama

Nilimnunulia mama raba. Soli nene, laini kama godoro, na nyepesi kiasi cha kujisifu moyoni kwamba safari hii nimepatia. Siku ya tatu nikazikuta zimerudi kwenye boksi lake, kamba zimefungwa vizuri, na mwenyewe yuko na viatu vyake vya zamani vilivyolika upande mmoja. Nikaanza kulalamika. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, viatu hivi vipya sivivai mimi. Vinanivaa vyenyewe."

Nikacheka. Nilipomwomba azivae tena nimwone, kicheko kikakatika. Alivuka sebule kama mtu anayepita kwenye matope: hatua fupi, miguu imetanuka, macho chini, mkono ukiutafuta ukuta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Naona tunawaonea wazee tunapokuita kukataa kwao viatu vipya ukaidi. Unyayo haubebi mwili tu, unasikia pia. Mishipa ya fahamu iliyo chini ya ngozi huuambia ubongo kama sakafu imeinama, kama uzito uko kisiginoni au vidoleni. Kadiri umri unavyosonga, usikivu huo hufifia. Sasa mwekee mzee povu nene kati ya unyayo na ardhi: ni sawa na kumnong'oneza mtu aliyeanza kuwa mzito wa kusikia, tena umejiziba mdomo kwa mto. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1992 uliwatembeza wanaume wazee juu ya boriti nyembamba, na walipovaa soli nyembamba na ngumu walijimudu vizuri zaidi kuliko walipovaa nene na laini. Dukani sisi tunabonyeza soli kwa kidole gumba, ikididimia tunasema hii ndiyo yenyewe!

Tena kuna jambo la ncha ya kiatu. Mguu ukiwa hewani, vidole hupita juu ya ardhi kwa sentimita moja au mbili tu. Mwili wa mzee umekariri kipimo hicho kwa viatu vyake vya kila siku. Mletee soli iliyonenepa mbele, yenye mpira unaong'ang'ania sakafu, na zulia la chumbani linageuka mtego.

Sisemi basi arudi kwenye ndala, au atembee na soksi ndani ya nyumba. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliwakuta wazee waliotembea peku au na soksi wakiwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, na waliovaa raba katika hatari ndogo kabisa. Raba ni rafiki. Tunachokosea ni aina tunayochagua na haraka yetu.

Tulirudi dukani jioni, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Safari hii alipimwa amesimama, miguu yote miwili. Kumbe wa kushoto ni mkubwa, na namba tuliyokuwa tukimnunulia miaka yote haikuwa yake tena. Kano za mguu hulegea uzeeni na mguu hutanuka. (Miaka yote hiyo akivumilia, na mimi nikimwambia viatu vitatanuka vyenyewe.) Tukachukua soli ngumu kiasi, inayokunjika penye vidole na si katikati, na nyuma pameshika kisigino sawasawa. Kamba tukaziacha, tukachagua vya kubandika, maana kuinama nako ni kazi.

Nyumbani alianza kwa dakika ishirini, sakafu tupu, karibu na ukuta, kisha anavua. Ngazi tuliziacha mpaka mwisho. Kila akivua tunautazama mguu: wekundu usiotoweka upesi maana yake kiatu kinabana. Kwa mwenye kisukari hili si la hiari, kwa kuwa ganzi huficha lengelenge mpaka liwe kidonda.

Viatu vya zamani bado viko nyuma ya mlango. Nilitaka kuvitupa, akanitazama tu, nikaviacha. Juzi nilimwona akivuka ua na raba zake, mikono nyuma, akibishana na mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Hakutazama chini hata mara moja.