"Mzuri, lakini siye": kufufua picha za wazee wetu

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo siku hizi hakukosekani kijana anayerusha picha ya zamani ya bibi "iliyofufuliwa" kwa programu ya akili mnemba. Huku ile ya manjano iliyopauka, huku mpya: macho yanang'aa, ngozi laini, buibui limekolea weusi. Mioyo myekundu inamiminika. Halafu shangazi mmoja anaandika: "Mzuri, lakini siye." Mimi niko upande wa shangazi, ila si kwa hoja ile inayotolewa na wengi, kwamba picha ya zamani isiguswe kabisa.

Iguswe. Picha iliyopauka nayo haisemi ukweli wote. Picha ya zamani isiyo ya rangi imeundwa kwa chembe ndogo za madini ya fedha. Studio ikiwa na haraka, isiisuuze vya kutosha, mabaki ya dawa ya mwisho ya chumba cha giza hubaki kwenye karatasi, na salfa iliyomo hula ile fedha polepole mpaka weusi ugeuke manjano hafifu. Ongeza joto na unyevu wa pwani, miaka hamsini ndani ya kasha au nyuma ya kioo cha fremu, na bibi anakuwa kivuli. Bibi mwenyewe hakuwa kivuli.

Lakini kilichopauka si lazima kiwe kimepotea. Iskani picha kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, hata kama ilipigwa bila rangi, kisha tenganisha matabaka matatu ya faili: nyekundu, kijani na buluu. Kwenye nyekundu utaona karibu karatasi tupu. Fungua buluu: upindo wa leso unajitokeza, mkono wa kiti unajitokeza, pengine hata kipini puani. Sababu ni kwamba manjano hunyonya mwanga wa buluu, kwa hiyo alama hafifu ambayo jicho haliioni inakuwa nzito pale. Madoa nayo huzidi kuonekana humo, na kuyafuta moja moja ni kazi ya jioni nzima. Hata hivyo hakuna kilichotungwa. Kila unachokiona kilikuwamo kwenye karatasi. Hata picha za rangi za miaka ya 1970 zilizogeuka nyekundu ndani ya albamu huweza kurudi, mradi kila rangi imebakiza kidogo.

Programu za akili mnemba zinazotengeneza sura hufanya kazi nyingine kabisa. GFPGAN, iliyotolewa mwaka 2021 na watafiti wa Tencent, ilifunzwa kwa mkusanyiko wa nyuso 70,000 zilizochukuliwa kwenye mtandao wa Flickr. Jicho likiwa limebaki doa, programu haiwezi kulitafuta, inachora jicho linalofanana na macho iliyowahi kuyaona. Mwaka 2020 programu nyingine, PULSE, ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa ikarudisha mzungu. Kwetu kosa huwa dogo zaidi, na kwa hiyo la hatari zaidi: chale za shavuni huweza kudhaniwa mikwaruzo ya karatasi, pengo la meno likazibwa. Ndizo alama ambazo shangazi alikuwa akizitafuta.

Kuna pingamizi ambalo lazima lijibiwe. Studio za zamani nazo zilikarabati sura. Tangu enzi za mpiga picha A. C. Gomes, Unguja, mpaka studio za baada ya vita, ufundi wa picha duniani kote ulikuwa na penseli ya kulainisha negativu, brashi ya kutia rangi mashavuni na pazia la mandhari nyuma ya kiti. Basi kijana wa leo ana kosa gani? Nadhani tofauti ni moja tu, lakini ni kubwa: fundi yule alimwona mteja, na mteja aliporudi kuchukua picha aliweza kuikataa. Programu haikumwona bibi, na bibi hayupo wa kuikataa.

Rangi ni hivyohivyo. Filamu nyingi za mwanzo wa karne ya 20 hazikuhisi wekundu, kwa hiyo leso nyekundu ilitoka kama nyeusi. Mashine itaipaka inavyokisia. Bi mkubwa anayekumbuka kwamba ilikuwa nyekundu ana ushahidi kuliko mashine yoyote, na kumpigia simu ni bei ya vocha.

Mfano mbaya kuliko yote ulitokea Aprili 2021. Jarida la Vice lilichapisha picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la mauaji la utawala wa Khmer Rouge huko Kambodia, baadhi zikiwa na tabasamu ambalo halikuwamo kwenye picha za asili. Serikali ya Kambodia ikalalamika, na Vice ikaziondoa. Picha ya harusi ya Mombasa si picha ya mfungwa anayesubiri kuuawa, najua. Lakini uso mkavu wa babu mbele ya kamera ni habari pia, na hatuna ruhusa ya kumchekesha.

Hata hivyo siwezi kumnyima mzee mwenye mtoto wa jicho picha anayoweza kuiona. Akitaka sura kali ya kutundika ukutani, atengenezewe, na nyuma iandikwe kwamba uso umekisiwa na mashine. Shida huanza pale nakala hiyo inapobaki peke yake: karatasi ya asili imetupwa, WhatsApp imeshaibana faili, na mjukuu mwingine anaipitisha tena kwenye programu nyingine. Kwa hiyo ukimpelekea fundi picha ya ukoo, dai kwanza skani yenyewe, faili kubwa ambalo halijaguswa, kabla hajaanza kazi. Akikwambia hawezi kukupa, chukua picha yako utafute fundi mwingine.