Mtafiti wa Kimakonde hapimwi kwa rula ya hospitali

Kila ukifika msimu wa kupanda vyeo mi ndo naitwa. Niko maktaba ya chuo kimoja hapa Mtwara, na kazi yangu ni kuingia Google Scholar na Scopus, hifadhi za mtandaoni zinazoorodhesha machapisho ya wasomi na nani kamnukuu nani, natafuta jina la kila mwalimu aliyeomba, alafu najaza kwenye fomu ana machapisho mangapi, yamenukuliwa mara ngapi na h-indeksi yake ngapi, yaani ile namba moja inayopima kwa pamoja wingi wa machapisho na yanavyonukuliwa. Mwaka juzi nilijaza mstari wa mtafiti wa magonjwa, h 17, na mstari uliofuata dokta wetu anayetafiti lugha ya Kimakonde, h 3. Mzee mmoja kwenye kikao akazisoma zote mbili kwa sauti, kisha akanyamaza. Kile kimya kinaniuma mpaka leo, maana namba zile nilizichapa kwa mkono wangu.

Hii h-indeksi ilikuja 2005, aliitoa mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Hesabu yake nyepesi tu. Una pepa tano, zimenukuliwa mara 100, 40, 6, 5 na 2, basi h yako ni 4 kwa sababu pepa nne zina manukuu manne au zaidi. Na ile ya 100 hata ikifika 1,000 h inabaki 4 vile vile. Hirsch mwenyewe aliandika kwamba namba hizi zinatofautiana kati ya fani na fani, na watu wa baiolojia wanakuwa juu kuliko wa fizikia, lakini hilo onyo halijawahi kufika kwenye fomu zetu.

Sasa angalia fani zenyewe zinavyoishi. Watu wa afya wanaandika kwa makundi, pepa moja majina kumi, kila moja na orodha ndefu ya marejeo, kwa hiyo manukuu yanazunguka haraka. Mtu wa hisabati anaandika peke yake au wawili, marejeo machache, na anayemnukuu anaweza kuja baada ya miaka kumi. Kuna pepa ya fizikia ya 2015, ile ya kupima uzito wa chembe ya Higgs, ina waandishi 5,154, kurasa 24 kati ya 33 ni majina yao na taasisi zao, na kila mmoja wao anaweza kuihesabu kuwa yake! Huyo unamlinganishaje na mama aliyekaa Newala miezi mitatu na kinasa sauti akirekodi wazee?

Na vitabu je. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa Kisiwani, kitabu chake kikatoka 1974 majuzuu mawili, na mpaka leo ukiandika historia ya Kilwa ni vigumu kukikwepa. Kwenye h-indeksi kazi yote ile ni moja tu.

Dokta wetu alikuja maktaba wiki ile ile ya kikao. Hakulalamika. Alifungua begi akatoa kijitabu chake cha misemo ya Kimakonde, kimechakaa mgongo, kimebandikwa selotepu, akaniambia, "Kaka, hiki wanafunzi wananiazima mpaka kinachanika, we unakiona wapi kwenye kompyuta yako?" Nikatafuta mbele yake. Scopus hakipo. Google Scholar hakipo. Tasnifu za wanafunzi waliokinukuu ziko kwenye shelfu nyuma yangu, hazijapandishwa mtandaoni, kwa hiyo kwa mashine hazipo pia.

Ninajua kuna vipimo vinavyojaribu kurekebisha hili, unachukua pepa unailinganisha na pepa za fani ile ile na mwaka ule ule, ikipata 1 maana yake iko sawa na wastani wa dunia. Hiyo ni hatua nzuri, naiunga mkono kabisa. Ila wastani wenyewe unatokana na kile kilichomo kwenye hifadhidata, na kijitabu kama kile cha dokta wetu hakimo, kwa hiyo hata ukisawazisha vipi hakitaonekana.

Watu wa kusini tunajua kupima. Pale ghalani kabla ya mnada mpimaji anachukua sampuli, anakata korosho moja moja, anaangalia punje ipi nzima, ipi changa, ipi imeoza, ndo anaandika daraja. Na hakuna anayeweka gunia la ufuta pembeni akasema hili ndo bora maana lina punje nyingi. Naleta hili kwa sababu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele hapo jirani watafiti wamehangaika miaka na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na mkulima wa Tandahimba anayepuliza salfa leo anakula matunda ya kazi ile, lakini hawezi kumnukuu mtu.

Fomu ya mwaka huu iko mezani, kisanduku cha h-indeksi bado kipo. Nimekijaza. Ila kila jina nimelibandikia karatasi ya pili, fani yake, miaka aliyofanya kazi, vitabu, na kazi mbili alizochagua mwenyewe zisomwe, na kijitabu cha Kimakonde nimekipiga kopi chote, nakala saba, moja kwa kila mjumbe.