Ndevu Zangu na Chumvi ya Katwe

Kabla ya safari mwalimu alitukataza mambo mengi, lakini kunyoa ndevu hakukuwemo. Basi asubuhi ile, pale tulipolala Katwe, nikachukua wembe na maji baridi bila sabuni, nikanyoa ndevu zangu ambazo wenzangu walikuwa bado hawajakubali kwamba zipo. Walikuwepo wasichana wa shule jirani, nao wamekuja kujitolea likizo ile. Sina sababu nyingine. Kidevu kilitoka damu hapa na pale. Nikajipangusa, nikavaa fulana iliyoandikwa mgongoni TUNATUMIKIA JAMII, nikateremka ziwani.

Kwa asiyefika, Katwe ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano huko Kasese, ubavuni mwa mbuga ya Queen Elizabeth. Samaki hawaishi humo. Watu wanavua chumvi. Wanaume huingia majini kung'oa chumvi ya mawe, ile inayolambishwa mifugo, na kandokando kina mama wana vidimbwi vyao, kila kimoja na mwenyewe, jua linakausha maji chumvi inabaki. Mvua ikinyesha, kazi imeyeyuka. Ndiyo maana Januari, sisi tukiwa tumefunga shule na jua likiwaka, kwao ni msimu wa neema. Pale juu limebaki gofu la kiwanda kilichopangwa enzi za Amin, mitambo ya Wajerumani. Chumvi ikala mabomba, kiwanda kikafa kingali kichanga. Mwalimu alitueleza habari hiyo kwa kirefu, nami nikaitikia kwa kichwa, bila kuwaza lolote kuhusu kidevu changu.

Tulipewa kidimbwi cha mama mmoja ambaye ukingo wake ulikuwa umebomoka. Kazi yetu kuchota tope na kuziba. Alitutazama mikono, akacheka puani.

"Watoto wa Kampala, mzibe polepole. Ila hapa mbele msiguse. Chumvi yangu imeanza kuganda."

Tungegusa vipi, wakati hata kazi yenyewe hatukuwa tunaifanya? Tulikuwa tunapiga picha. Mwenzetu mmoja mwenye simu nzuri alikuwa amejipa cheo tangu Kayabwe, pale ikweta inapokatiza barabara ya Masaka, alipotuchelewesha mpaka dereva akawasha gari kwa hasira. Sasa kila konzi ya tope ilikuwa na picha yake. "Rudisha hilo tope ulichote tena, hukuangalia kamera." Nilimsikia mama akimuuliza jirani yake kama hawa wanalipwa kwa picha.

Zamu yangu ikafika.

"Rudi nyuma kidogo, kiwanda kiingie."

Nikarudi.

"Kidogo tena."

Mimi ni mtoto mtiifu. Nilianguka chali katikati ya ile chumvi isiyoguswa, nikajigeuza kifudifudi kutafuta pa kushika, na hapo ndipo kidevu kilipokutana na maji.

Wenzangu wanasema nilimwita mama, halafu nikaita polisi. Wanaume waliokuwa mbali ziwani waliacha kazi wakauliza kwa sauti kama kiboko ameshika mtu. Mama mwenyewe ndiye aliyenivuta kwa ukosi wa fulana, akanimwagia usoni jerikeni nzima ya maji ya kunywa, maji ya kununua, yaliyopandishwa na kuteremshwa kwa boda boda. "Pole, mwanangu, pole," huku macho yake yako kwenye chumvi, iliyovunjika kwa umbo langu kamili, mikono imetanuka. Mpiga picha akaipiga. Kusema kweli, ndiyo picha pekee iliyotoka vizuri.

Maji yaliishia usoni. Suruali ikanikaukia mwilini, nyeupe pe, ngumu, nikawa natembea kama mtu aliyefungwa mbao miguuni. Tukapanda kijijini kula posho na maharage. Njiani kitoto cha mbuzi kikanifuata, nikaona kumbe bado napendwa. Kikalamba goti. Kikaja na mama yake, naye akaja na ukoo. Nikatimua mbio, ingawa kwa suruali ile "mbio" ni neno la heshima tu. Beberu mmoja akaninasa pindo, akatafuna mpaka mfukoni. Wasichana wale wa shule jirani waliweka sahani chini ili wacheke vizuri.

Mwalimu akaja na fimbo, ameinua mkono.

"Wee mwalimu, shusha hiyo fimbo!"

Ni mama wa kidimbwi, amesimama nyuma yetu na jerikeni yake tupu.

"Chumvi ni yangu," akasema. "Na mbuzi ni wangu."

Mwalimu akashusha fimbo.