Mapato ya shilingi, bili ya dola: kampuni changa zihame wingu?

Kampuni changa ya Nairobi inayotumia wingu, yaani inayokodi seva za Amazon au Google kupitia intaneti, huuza kwa shilingi, ikalipa kwa bei iliyopangwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 113; Januari 2024 ikafika 160. Chukua programu inayowatumia wateja gigabaiti 2,000 kwa mwezi kutoka seva za Amazon zilizoko Marekani. Gigabaiti 100 za kwanza ni bure, zinazobaki hutozwa senti 9 za dola kila moja: jumla dola 171. Kwa 113 hizo ni shilingi 19,323, kwa 160 ni 27,360, na mteja hajaongezeka hata mmoja.

Ndiyo maana wapo wanaosema tununue mashine zetu. Hoja ina uzito: 37signals, kampuni ya Marekani yenye programu ya kusimamia miradi ya Basecamp, walitangaza 2022 kwamba wanahama wingu, na wakahama kweli. Ila wao walikuwa na wahandisi wa kazi hiyo na nafasi katika data senta (jengo maalumu la kutunzia seva) tangu zamani. Seva ya ofisini Westlands inataka diski mbili zinazoandikwa data ileile kwa pamoja na ya tatu kabatini, laini mbili za intaneti zisizopita nguzo moja, betri za kushikilia hadi jenereta iwake, na mtu wa kuamshwa saa nane usiku. Jenereta yenyewe ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo halisi. Umeme ulipokatika karibu Kenya nzima Agosti 2023, hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya jengo moja la abiria iligoma.

Hata hivyo, seva kuwa karibu kuna faida yake. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, huduma zilizokaa ng'ambo zilisuasua, ilhali mawasiliano ya ndani yanaweza kupita KIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti za Kenya huunganishana, bila kugusa bahari.

Kwa maoni yetu, wengi wanaolilaumu wingu wanalipia uzembe. Seva ya majaribio isiyozimwa hutozwa saa 730 kwa mwezi. Ikiwashwa saa 10 kwa siku 22 za kazi, ni 220 tu. Ukifuta seva ukasahau diski yake, diski inaendelea kutozwa kimyakimya. Lango la NAT la Amazon, ambalo seva zilizofichwa hupitia kufikia intaneti, hula senti 4.5 za dola kwa saa, yaani karibu dola 33 kwa mwezi, hata lisipopitisha kitu. Vocha za bure wanazopewa wanaoanza ndizo hulea tabia hii: hakuna anayefungua bili mpaka ziishe, na wakati huo mfumo umeshafungwa kwenye huduma zisizopatikana kwingine.

Safisha hayo kwanza, kisha pima mzigo wa kazi wa seva mwezi mzima. Kama mzigo hupanda tu mwisho wa mwezi, baki winguni. Kama ni uleule mchana na usiku, kodi mashine katika data senta ya hapa inayotoza shilingi, lakini usihamishe hifadhidata peke yake. Hifadhidata ikiwa Nairobi na programu ikabaki Ulaya, kila ombi la programu kwa hifadhidata huvuka bahari kwenda na kurudi, kwa kadirio la milisekunde 150. Ukurasa wenye maombi 30 yanayofuatana utamsubirisha mteja sekunde nne na nusu.