Mwandishi Hodari wa Usingizini

Mimi ni mtunzi hodari sana nikiwa nimelala. Nikiwa macho hunichukua wiki nzima kuamua kama mhusika aingie chumbani akiwa amesimama au akiwa tayari ameketi, lakini nikishafumba macho hunijia visa vyenye kichwa na miguu, watu wanaojibizana bila kusubiri niwafikirie maneno, na mikasa ambayo hata mimi mwenyewe mtungaji sijui itaishia wapi. Tatizo ni asubuhi. Huamka nikiwa na hadithi nzima mkononi, nikapapasa miwani, nikatafuta kandambili ya pili, na ninapofika mlangoni kilichobaki ni kwamba palikuwa na ngazi, na kwamba kuna mtu alikasirika.

Nilishauriwa niweke daftari chini ya mto, nami nikaliweka. Usiku wa kwanza nilishtuka, nikaandika gizani kwa furaha ya mtu aliyeokota almasi, nikalala tena. Kulipokucha nilikuta sentensi moja, imepigiwa mstari mara tatu hata karatasi ikatoboka: "Mjomba ndiye mlango. Usisahau!" Nilijifariji kwa habari za Otto Loewi, mtaalamu wa dawa ambaye naye aliota, akaandika usiku, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Tofauti yetu ni kwamba usiku uliofuata ndoto yake ilirudi, naye hakuiamini tena kalamu, bali aliinuka saa tisa za usiku akaenda moja kwa moja maabara kuifanyia majaribio mioyo ya vyura, na mwaka 1936 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel. Ndoto yangu nayo ilirudi, ila safari hii mjomba alikuwa dirisha.

Sayansi ya usingizi nayo haijanihurumia. Tangu mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walipoeleza jinsi macho ya mtu aliyelala yanavyochezacheza chini ya kope, imejulikana kwamba usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kwamba awamu yenye ndoto nyingi hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Kwa maneno mengine, hadithi zangu bora huanza kunoga wakati uleule kengele ya simu inapojiandaa kulia. Ningelala mapema, ningezimaliza. Lakini nani atalala mapema katika nyumba yenye runinga?

Nimejitengea saa moja kila jioni ya kuandika, mara tu baada ya taarifa ya habari. Sasa, baada ya habari huja hali ya hewa, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuondoka bila kujua kama kesho mvua itanyesha, hata kama hana mpango wa kutoka. Baada ya hali ya hewa huja tamthilia, ambayo siifuatilii. Naomba ieleweke hivyo. Kwamba yule mjane si mjane, na kwamba wakili ni ndugu wa baba mmoja na mtu anayemshtaki, ni mambo niliyoyaokota tu nikipita kuelekea mezani kwangu, na nimekuwa nikipita tangu sehemu ya kwanza. Sasa tuko ya 140. Kuna na zile programu za kwenye intaneti ambazo sehemu moja ikiisha, kioo huanza kuhesabu sekunde kabla ya kuleta nyingine, kana kwamba sekunde hizo zinamtosha mtu wa umri wangu kuinuka kwenye kochi. Nimesoma kwamba rimoti ya runinga ya mwaka 1955, ya kwanza isiyotumia waya, ilifanya kazi kwa mwanga, na kwamba miale ya jua ikipenya dirishani iliweza kubadilisha stesheni. Hiyo ndiyo ingenifaa: ningekaa mpaka kuche, na jua lenyewe lingenifukuza.

Juzi, hata hivyo, bahati ilinitembelea papo hapo kwenye kochi. Niliota kisa kamili: dada wawili, nyumba moja, na barua iliyofichwa ndani ya saa ya ukutani. Nilikurupuka nikaandika kurasa 4 bila kwenda hata msalani, kisha nikamsomea mke wangu, ambaye alinisikiliza kwa heshima nisiyoizoea mpaka ukurasa wa tatu.

"Na daktari umempeleka wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna daktari.

"Yupo, mume wangu. Ndiye aliyeificha ile barua. Filamu ilipofika kwake wewe ulikuwa umeshaanza kukoroma."

Inaelekea masikio yangu hayakuwa yamelala. Nilizikunja zile kurasa taratibu, nikakaa kimya kwa muda wa kutosha kulinda heshima yangu, kisha nikamuuliza barua yenyewe ilisemaje. Akazima taa, akaniambia nirudi kulala, huenda nikaiota.